Furlong ni neno la wakulima

Ndugu mhariri, makala yenu ya mbio za farasi za Epsom, Uingereza, inasema furlong, kile kipimo cha urefu kinachotumika katika mbio hizo, ni neno la Kirumi. Hapana. Warumi walikuwa na kipimo kinachokaribiana nalo, stadium, lakini neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale, tena limetoka shambani: furh ni mfuo unaochimbwa na plau, lang ni ndefu. Yaani, urefu wa mfuo mmoja.

Kwa nini mfuo uwe mrefu hivyo, yadi 220, karibu mita 201? Aliyewahi kulima kwa maksai hahitaji kuelezwa. Mimi nimekua nikiwaongoza ng'ombe mbele ya plau la baba, na ninawaambia kazi si kwenda mbele, kazi ni kugeuza. Plau zito la Ulaya ya kale liliweza kukokotwa na maksai hata wanane. Ukishawanyoosha, unakwenda mbali kadiri wanavyoweza kabla ya kuwageuza.

Na hapo ndipo ilipozaliwa ekari tunayouziana viwanja na mashamba hadi leo: furlong moja kwa urefu, yadi 22 kwa upana, eneo lililokadiriwa kulimwa na jozi za maksai kwa siku. Mwaka 1593 sheria ya Uingereza iliifanya maili kuwa furlong 8, na maili hiyo haijabadilika sana tangu hapo.

Naomba mrekebishe sentensi hiyo. Neno hili ni jasho la wakulima, wapewe wenyewe.