Kamba zilirudi, kamba hawakurudi

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Pale Gerezani, mtaa wa Dar es Salaam nilipojifunzia kazi, walikuwa wanasema geti la huyu bwana, mwizi halingʼoi, labda aondoke na ukuta wake. Naanza na sifa hizi makusudi, kwa sababu ndizo zilizoniponza.

Mwaka 2005, enzi hizo trola za kamba bado zinazunguka kwenye pwani yetu, nilipata kibarua kwenye trola moja iliyokuwa ikivua mbele ya delta ya Rufiji. Kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa kutengeneza winchi, ile mashine ya kuvutia waya za nyavu, ikiharibika. Kazi yangu hasa ilikuwa kukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa nikisubiri iharibike, huku nikitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Kwa ambaye hajaiona trola ya kamba: ina mikono miwili ya chuma, inatandazwa kulia na kushoto kama mtu anayevuka mto juu ya mnazi ulioangushwa. Kila mkono unakokota wavu wake. Mbele ya wavu kuna milango miwili ya mbao iliyovikwa vyuma. Maji yakiisukuma, mmoja unakimbilia huku na mwingine kule, mdomo wa wavu unafunguka. Juu ya mdomo maboya, chini mnyororo. Halafu unatangulia mnyororo mwingine mwembamba, unakwaruza tope kuwashtua kamba waliojilaza. Huo sisi tuliuita mpiga debe. Kamba akisikia fujo anaruka, akitahamaki yuko ndani ya gari na konda keshafunga mlango.

Shida ya Rufiji ni Rufiji wenyewe. Masika mto ule ukifurika haushushi maji peke yake. Unashusha migomba, vipande vya mitumbwi, na magogo ambayo ukiyaona unajiuliza huko juu wamebakiwa na mti gani. Gogo likishaloa linazama, linalala topeni kwenye kina cha pima tano, sita, matawi juu, linakusubiri. Mwezi ule wa tano tulikwama mara nne ndani ya wiki tatu.

Wavu ukikwama hakuna king'ora. Waya unaanza kuimba, sauti nyembamba kama mbu sikioni. Meli inapunguza mwendo, halafu inalalia upande, na sufuria ya mpishi inakuja yenyewe hadi mlangoni kuuliza kuna nini. Hapo nahodha mwenye pupa akiongeza moto anaweza kuipindua meli nzima. Kepteni wetu, mzee wa Tanga, hakuwa na pupa. Alikuwa anaondoa gia, anavua kofia, anamwambia sarahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, "Vuta taratibu, kama unamtoa mtoto mwiba." Wavu ukija umechanika, watu wanne wanakaa na sindano za nyavu mpaka usiku wa manane, na bosi aliyeko nchi kavu anapiga simu ya upepo kuuliza kwa nini tunashona badala ya kuvua.

Mara ya nne wavu wa kulia haukurudi. Ulirudi mlango mmoja na mnyororo urefu wa mkono wangu.

Usiku ule baharia mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za Bahari ya Kaskazini alitusimulia mambo ya Ulaya. Kule kuna sehemu chini ni miamba mitupu, akasema, na wanavua juu yake hivyohivyo. Kamba ya chini ya wavu wanaivisha magurudumu ya mpira. Tena siri yake haiko katika kuzunguka, maana gurudumu la kuzunguka likikuta jiwe kubwa linajibana tu likalia hapo. Yale yao hayazunguki. Waya wa pili unapita juu ya kitovu, unayashika visogoni. Gurudumu likigonga jiwe linataka kubiringika, waya unakaza unalikatalia, na kwa ile hasira linaruka juu ya jiwe na kuubeba wavu pamoja nalo.

"Na yanatengenezwa na nini?" nikauliza.

"Mengine ni matairi ya zamani tu."

Sikulala. Nchi yenye matairi ya zamani kama yetu, tunakwama kwenye gogo!

Tulipotia nanga Dar es Salaam nikaenda moja kwa moja kwa mzee mmoja mshona katambuga, vile viatu vya matairi. Nikamwagiza vipande sitini vya duara vya tairi la lori, kila kimoja sentimita 28, tundu katikati na tundu jingine kisogoni. Vitatu vitatu nivibane kwa bolti vitoe magurudumu ishirini. Mzee alisimamisha kisu.

"Sitini? Mguu gani wa duara?"

"Si wa mguu, mzee. Wa wavu."

"Wavu unavaa viatu?"

Nikamweleza nadharia yote, mpaka Bahari ya Kaskazini. Akasikiliza, akatema mate pembeni, akasema, "Malipo nusu kwanza." Nikampa nusu, nyingine nikaahidi tukirudi na kamba.

Kepteni alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, mpira wangu ufungwe wavu wa kulia peke yake, wa kushoto ubaki kama kawaida, ili tuone tofauti macho kwa macho. La pili ndilo lenye hadithi. "Fundi," akaniambia, "chombo chochote cha kukokota lazima kiwe na mahali pa kukatikia. Nitengenezee kiungo dhaifu, pale wavu unaposhikana na mlango wa nje. Tukikwama kabisa, kikatike chenyewe, upande mmoja uachie, wavu utoke kwa ubavu. Mimi sitaki kuzama na matairi yako."

Nikachukua pete ya chuma, nikaipitisha grenda mpaka nusu ya unene wake. Kiungo dhaifu kikawa tayari. Nikakiweka juu ya benchi nikakitazama. Kile kidonda, wallahi, kilinikera. Kimekaa pale wazi, kingo zimechongoka, kila mtu atakayepita atasema hii ndiyo kazi ya yule fundi wa Gerezani. Nikasema nipitishe rodi ya kuchomelea kidogo tu, ya kupendezesha. Nikapitisha. Ikabaki bonde dogo. Nikapitisha ya pili. Nikagonga magamba, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya fedha. Kikang'aa kama pete ya ndoa.

Siku ya majaribio tulishusha nyavu alfajiri, mwendo wa noti mbili na nusu, yaani maili mbili na nusu za baharini kwa saa. Saa ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Nilisimama nyuma nimeshika waya wa kulia kwa kiganja, na nilikuwa nasikia kabisa: tuk, kimya, tuk, kimya. Yanaruka! Nikamwita sarahangi aje naye aguse. Akagusa, akaitikia kwa kichwa, na mimi nikaanza kupanga moyoni nitadai nyongeza kiasi gani.

Nyavu zikapandishwa. Wa kushoto ukamwaga sitahani kile unachomwaga siku zote: vidagaa, kaa, mikunga, takataka za mto, na katikati yao kamba weupe wanarukaruka, ndoo kadhaa. Kisha ukafunguliwa mfuko wa kulia. Ukadondosha kaa mmoja mwenye gando moja. Akatutazama, akaondoka kwa ubavu.

Kepteni akashuka kutoka juu.

"Fundi, kamba?"

"Zipo zote, Kepteni!" nikasema kwa furaha. "Ya juu nzima, ya chini nzima, hata moja haijakatika!"

"Sikukuuliza ziko wapi. Nimekuuliza wako wapi."

Mpishi alicheka mpaka akakaa chini. Jibu lenyewe lilikuwa jepesi na mtoto wa darasa la pili angeliona. Kamba analala topeni. Mpira wangu umeinyanyua kamba ya chini ikaacha nafasi hapo katikati ya magurudumu, zaidi ya nusu shibiri kutoka kwenye tope, na kamba mwenyewe ana urefu wa kiganja. Mpiga debe anaita abiria, abiria wanaamka, wanasogea barabarani, na daladala linapita juu ya vichwa vyao bila kusimama. Kwa samaki wakubwa wa huko Ulaya wanaoelea juu kidogo ya miamba, sawa. Kwa kamba wa Rufiji nilikuwa nimeunda basi la wafanyakazi. Wavu ule ukabatizwa hapohapo, "Staff".

Mtu mwenye akili angevua matairi. Mimi nikasema ni marekebisho madogo. Nikakata minyororo vipande vipande, nikaining'iniza katikati ya kila gurudumu na gurudumu, imelegea hadi chini, kuziba ile nafasi. Kwa mbali ilionekana kama hereni. Sarahangi akaitazama akasema, "Fundi, hizi si ndoana?" Nikamwambia ashughulike na mambo ya sitaha.

Mkokoto wa pili. Nusu saa nzuri kabisa. Halafu, tuk. Kimya. Tuk. Kimya. Kimya. Kimya.

Mbu akaanza kuimba.

Gurudumu liliruka gogo kama lilivyofundishwa. Hereni yake ndiyo haikuruka. Ikapita nyuma ya tawi, ikajikunja, ikashika kama mkono wa mtoto kwenye khanga ya mama yake sokoni. Meli ikaanza kulala upande wa kulia, wavu wa kushoto bado unakokota, tunazunguka kama ng'ombe kwenye mti. Sufuria ya wali ikatoka jikoni, safari hii ilipitiliza hadi baharini.

"Kiungo!" Kepteni akapiga kelele. "Kitakatika sasa hivi, shikeni mahali!"

Wote tukashika mahali. Tukasubiri kusikia mshtuko wa waya kulegea. Watu kumi na sita, kimya, kila mtu anamwangalia fundi. Mkono wa kulia wa meli, chuma kinene kuliko paja, ukatoa mlio mmoja mrefu, ukapinda kama kiwiko. Mlingoti wa bendera ukaanguka. Bomba la maji ya kuosha sitaha likang'oka. Kila kitu kwenye meli ile kilikatika isipokuwa kile nilichoambiwa kikatike.

Kepteni akaondoa gia. Akavua kofia. Akairudisha meli taratibu hadi juu ya mahali pale, na winchi ikaanza kuvuta wima, pima kwa pima, mpaka maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa na kitu kikatokeza.

Kwanza matawi. Kisha shina lenye chaza na tope. Na kulizunguka shina, kama bibi aliyejifunga shuka, wavu. Si wa siku ile. Sarahangi ndiye aliyeutambua, kwa kiraka cha nailoni ya bluu alichokishona kwa mkono wake. Ulikuwa wavu wetu uliopotea, na mlango wake ukining'inia pembeni, mzima. Tumezunguka bahari yote ile tukarudi kulikwaa gogo lilelile.

Kiungo changu nacho kilikuja juu. Rangi imetoka kidogo upande mmoja. Kepteni akakichukua, akakigeuzageuza, akakipima uzito kwenye kiganja.

"Hiki ni nini, Fundi?"

"Kiungo dhaifu, Kepteni."

"Kina udhaifu gani?"

Sikujibu. Kuna maswali ambayo hata ukipewa siku tatu unabaki unakuna kichwa.

Gogo tukalikatia matawi, tukalikokota polepole hadi ukingoni kwenye mikoko, tukaliacha huko lizeeke. Kwa bosi mambo hayakuwa mabaya sana: mkono umepinda, lakini wavu na mlango vimerudi. Kepteni aliandika kwenye daftari la siku, nililiona kwa macho yangu: "Wavu wa kulia: gogo 1." Kwenye safu ya kilo za kamba akapiga mstari.

Siku mbili za kurudi Dar hakukuwa na kazi. Mpishi ndiye aliyeanza. Alifungua bolti za gurudumu moja, akachukua kisu cha samaki, akajichongea soli. Sitaha ya trola ina ute wa samaki, unateleza kuliko sabuni, na yeye katika safari ile alikuwa ameanguka mara mbili. Akatembea na katambuga zake toka mbele hadi nyuma bila kuteleza. Akarudi. Akaruka hatua moja kuonyesha. Baada ya hapo sikuona tena gurudumu zima. Hata Kepteni aliniletea mguu nimpimie, na mikanda niliikata mimi mwenyewe, nikaibana kwa misumari, kazi safi kabisa.

Yule mzee mshona katambuga alikuwa ananisubiri pale Fery, kaja kudai nusu yake. Akaniuliza kama wavu wangu uliruka mawe. Nikafungua mdomo nianze kueleza habari za waya wa kisogoni.

Hakuwa ananitazama. Alikuwa anawatazama wenzangu wakishuka mmoja mmoja, macho yake chini, midomo inahesabu.

"Miguu thelathini na miwili," akasema. "Fundi, acha kamba zako. Nilipe changu, tena leo bei ni ya viatu."