Cuba: kamera iko mfukoni, bando ndo shughuli

Kuna wazo linarudi kila baada ya miaka michache, kwamba jamii za Amerika ya Kilatini ambazo teknolojia haijawafikia vizuri zipewe kamera na mafunzo, watu wafanye vlogi, yaani video za kujirekodi mwenyewe ukisimulia mambo yako, sauti zao zisikike. Mi silipingi. Ila naona watu wanahangaika na kamera wakati kamera siku hizi iko kwenye kila simu, kazi ni hiyo video itoke vipi kwenye simu imfikie mtu.

Angalia Cuba. Intaneti ya WiFi kwenye maeneo ya wazi ilianza Julai 2015, saa moja CUC 2 (CUC ni sarafu ya Cuba ya wakati huo, moja ilihesabiwa sawa na dola moja), na ukitembea barabara ya 23 pale Vedado, Havana, ulikuwa unakuta watu wamekaa chini ukingoni mwa barabara, kila mtu na kadi ya ETECSA, shirika la simu la serikali, aliyokwangua namba, huyu anaongea na ndugu yake Miami kwa imo (ndio, imo hiyohiyo ya kupigia ndugu Muscat), yule kainamia simu anaomba video imalize kupanda kabla saa haijaisha. Intaneti ya simu ilikuja Desemba 2018, GB 4 kwa CUC 30, yaani karibu mshahara mzima wa mwezi wa mfanyakazi wa serikali. Na bado vijana wakafungua chaneli za YouTube!

Waliwezaje? Sehemu ya jibu ni kitu kinaitwa El Paquete Semanal, kifurushi cha wiki. Hii mbongo anaielewa haraka, ni kama yule jamaa wa kibandani anayekuingizia muvi kwenye flashi, sema wenzetu wameifanya nchi nzima, kila wiki inatoka karibu terabaiti moja ya tamthilia, muziki, mpira na video za YouTube, inasafiri kwenye hard disk mpaka mikoani, unapeleka flashi yako unakopi unachotaka kwa hela kidogo. Baadhi ya wenye chaneli wakawa wanapeleka video zao humo, jirani akawajua bila kuingia mtandaoni hata dakika moja.

Hapo upande wa wanaoshabikia vlogi una hoja nzito, watu wanataka video na njia wanaitafuta wenyewe. Ila ile hoja yao nyingine, kwamba video inamsaidia asiyejua kusoma, kwa Cuba haina mashiko, kule walipiga kampeni ya kufuta ujinga 1961 na karibu kila mtu anasoma.

Sasa upande wa pili. Kwanza, Paquete yenyewe inaishi kwa sababu haigusi siasa wala picha za ngono, kwa hiyo vlogi ya vipodozi inapita, ya foleni ya mkate yenye lawama kwa serikali haipiti. Hiyo itabidi uiweke mtandaoni, na mtandaoni kuna Amri 370, ilianza kutumika 2019, faini peso 3,000 kwa kitu watakachosema kinaenda kinyume na maslahi ya jamii, na nani anaamua maslahi ya jamii ni yapi, si wao wenyewe. Julai 2021, baada ya maandamano makubwa ya kuipinga serikali, Dina Stars wa YouTube alikuwa anahojiwa laivu na televisheni ya Hispania, askari wakafika mlangoni, akaondoka nao watazamaji wanaona. Kesho yake aliachiwa, lakini mwalimu wa semina ya vlogi analifundisha hilo siku ya ngapi?

Pili hela. Programu ya YouTube ya kulipa wenye chaneli haipo Cuba, kwa hiyo ili ulipwe inabidi uwe na mtu nje, na usipokuwa na shangazi Florida unabaki kupiga kazi bure.

Mi ningependa mfano wa La Loma, kilimani pale Medellín, Colombia. Mradi wa HiperBarrio ulianza 2007 kwenye maktaba ya mtaa, vijana wakaandika na kurekodi habari za mtaa wao ambao nje ulijulikana kwa fujo tu, na 2009 wakachukua tuzo kubwa ya Ars Electronica, tamasha la sanaa na teknolojia la Austria. Maktaba ndo ilibeba mzigo, mtu hakununua bando. Hela za mafunzo zingeenda huko kwanza, na kwa wabebaji wa flashi, kamera baadaye sana.

Maana bando nalo halitabiriki. Mwisho wa Mei 2025 ETECSA waliweka kikomo, kwa mwezi ulikuwa unaongeza peso 360 tu, unapata GB 6, ukitaka zaidi GB 3 ilikuwa peso 3,360, zaidi ya nusu ya mshahara wa wastani wa wakati huo. Video ya dakika kumi yenye ubora mzuri inakula MB mamia kuipandisha, weka nne kwa mwezi, afu ukumbuke WhatsApp ya mama. Wanafunzi wa vyuo wakalalamika, wakaongezewa GB 6 nyingine kwa peso 360, na baadhi yao wakagoma kuingia darasani hata hivyo. Mwenye chaneli ambaye si mwanafunzi hakukumbukwa.