Mwanafunzi apewe mradi gani kwenye mfumo endeshi huria?

Kila mradi wa programu huria unaotaka kushiriki Google Summer of Code, mpango wa Google ulioanza 2005 wa kuwalipa wachangiaji wapya waandike msimbo wa programu huria, lazima uandae orodha ya kazi zinazofaa wachangiaji wapya, wengi wao wanafunzi. Kwenye mifumo endeshi kama FreeBSD na Haiku mvutano ni mmoja: wapewe kazi kubwa itakayowasisimua, au ndogo itakayoisha?

Wanaotetea kazi kubwa wana hoja nzito. Mwanafunzi hodari havutiwi na kurekebisha menyu. Draiva (programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa) au mfumo wa faili (mpangilio wa data kwenye diski) humlazimu kusoma hati za kiufundi, kuelewa msimbo wa wengine na kusaka chanzo cha kerneli (kiini cha mfumo) kuanguka. Mfumo wenye watu wachache wa kujitolea nao hupata kitu ambacho pengine kisingeanzwa kabisa.

Wapinzani wao huanza na hesabu. Miradi siku hizi ni ya saa 90, 175 au 350. Hata saa 350, zikigawanywa kwa wiki 12, ni kama saa 29 kwa wiki. Toa muda wa kutengeneza kompaila (programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) na kuuwasha mfumo ndani ya QEMU (programu inayoiga kompyuta), toa wiki mbili za mwisho za kusahihisha viraka (mabadiliko ya msimbo yanayotumwa yakaguliwe): zinabaki wiki nane au tisa. Sasa chukua kazi ya kuhamisha draiva ya kadi ya kisasa ya michoro kutoka Linux. Ni msimbo mwingi mno, na unategemea mifumo ya ndani ya Linux ya kusimamia kumbukumbu, ambayo mfumo mwingine hauna. Majira yanakwisha mwanafunzi bado anaandika tabaka la kuiga Linux, na skrini ingali nyeusi.

Kwangu mimi, ukubwa si kipimo cha kwanza. Swali ni hili: akiishia nusu, nusu hiyo itaingia kwenye msimbo mkuu?

Kusoma diski za XFS, mfumo wa faili unaotumika kwenye Linux, ni kazi ambayo Haiku imewapa wanafunzi kwa zaidi ya msimu mmoja; ni kubwa lakini inakatika vizuri. Kwanza unasoma superbloku (sehemu inayoeleza mpangilio wa diski nzima) na kuhakiki alama yake, XFSB. XFS huandika namba kwa kutanguliza baiti kubwa, ilhali x86 (vichakataji vya Intel na AMD) hutanguliza ndogo. Asiyegeuza mpangilio huo atapata 0x42534658 badala ya 0x58465342, na diski itakataliwa papo hapo. Hiyo ni afadhali, kwa kuwa inaonekana. Hatari zaidi ni uga mmoja uliosahaulika katikati, kwani namba ndogo hugeuka kubwa mno na msomaji huenda kutafuta bloku isiyokuwepo.

Kisha zinakuja folda. Ndogo hukaa ndani ya inodi (rekodi ya maelezo ya faili au folda) yenyewe. Inodi ya baiti 512 ya toleo la 5 hubakiza baiti 336 baada ya kichwa chake. Zikijaa, folda huhamia kwenye bloku moja, baadaye kwenye majani, nodi, hatimaye mti wa B+ (muundo wa matawi unaorahisisha kutafuta). Kila umbo ni kiraka chake na jaribio lake: tengeneza taswira ya diski kwa mkfs.xfs (amri ya kuunda XFS), weka mafaili matano, kisha mamia, kisha maelfu, ulinganishe orodha ya Linux na ya Haiku. Mwanafunzi akiishia kwenye bloku moja, folda nyingi za kawaida tayari zinasomeka.

Kuandika kwenye XFS ni habari nyingine. Bila kumbukumbu ya miamala iliyo kamili (daftari ambamo mabadiliko huandikwa kwanza), umeme ukikatika data ya mtu inaharibika, kwa hiyo nusu ya kazi haiwezi kupokelewa. Hapo watetezi wa kazi ndogo wana haki kabisa.

Pande zote mbili husahau mlezi, yaani mchangiaji mzoefu anayemwongoza mwanafunzi. Kama hakuna anayeijua sehemu hiyo ya kerneli na kuweza kujibu kiraka ndani ya siku mbili tatu, hata kazi ya saa 90 itakwama. Iondolewe kwenye orodha. Mwombaji naye atakiwe kurekebisha hitilafu moja ndogo kabla ya kuchaguliwa, ili ijulikane kama anaweza kuujenga mfumo na kupokea masahihisho. Akishaanza, kiraka cha kwanza kitumwe kufikia wiki ya 3, na kipengele kipya kisianzwe baada ya wiki ya 10.