Tusi lina sura, mtaji hauna

Juzi nilitazama Swiped na binti wa kaka yangu, sebuleni kwangu Ntinda, Kampala. Ni filamu ya 2025 kuhusu Whitney Wolfe Herd, mmoja wa waanzilishi wa Tinder, programu ya simu ya kutafuta wachumba. Mwaka 2014 aliishtaki kampuni hiyo kwa unyanyasaji wa kijinsia, kesi ikamalizwa kwa maelewano bila kampuni kukiri kosa, naye akaanzisha Bumble, programu nyingine ya aina hiyo.

Binti huyu ana programu ya simu ya kuweka hesabu za wauza mitumba wa soko la Owino, na anaitafutia wawekezaji. Filamu ilipokwisha alikaa kimya, kisha akaniambia mimi shangazi yake: "Senga, mimi hawajanitukana hata siku moja. Wananiuliza tu mume wangu anasemaje."

Wanaozisifu filamu hizi wana hoja nzito. Unyanyasaji wa ofisini hustawi pale kila mwanamke anapodhani yamempata peke yake. Akiyaona kwenye skrini, anapata maneno ya kuyaeleza. Na ushindi ule si wa kubuni: Februari 2021 Bumble iliingia soko la hisa la Nasdaq, Wolfe Herd akiwa na miaka 31, amembeba mwanawe. Msichana wa Kampala ana haki ya kuiona picha ile.

Lakini filamu za aina hii hutaka adui mwenye sura, bosi anayetusi. Habari za fedha huzipitia haraka. Bumble ilisimama kwa mtaji wa Andrey Andreev, mwenye Badoo, programu nyingine ya wachumba, aliyeshika hisa nyingi kuliko mwanzilishi. Yaani hata aliyewakimbia wanaume wa kampuni moja alifika mlangoni kwa mwanaume mwingine mwenye pesa. Kwangu, kiini cha jambo kiko hapo.

Binti alinionyesha daftari lake. Kushoto ameandika maswali ya wawekezaji, kulia majibu aliyojiandalia. Ukizaa, nani ataendesha kampuni? Programu hii umeandikiwa na nani? Anayeuliza anatabasamu, na chai kalipa yeye. Ukienda benki unaombwa hati ya ardhi, na hati nyingi Uganda zina majina ya wanaume.

Namwelewa mwandishi wa filamu: fomu ya mkopo haimfanyi mtu akeshe. Tena filamu za nje zikifika kwenye vibanda vyetu vya video, hupitia mdomoni mwa maveejay, karibu wote wanaume, wanaozitafsiri kwa Kiluganda na kuongeza chumvi yao. Tusi lililowekwa lituchome linaweza kutoka kichekesho.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Wolfe Herd hakuweza kuzungumza na waliomtengenezea filamu, kwa sababu ya mkataba wa usiri. Hadithi ya mwanamke aliyenyamazishwa imesimuliwa bila sauti yake.

Mimi natamani filamu ya hapa kwetu itakayokaa dakika kumi nzima kwenye kikao kama vile vya binti huyu, kamera ikimtazama anayeuliza habari za mume, siyo anayejibu.