Yule mtu alijuaje jina la tatu la mama?

Mama yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, tangu sijaanza shule. Anajua nani anadaiwa madebe mawili na nani kalipa nusu, bila kuandika popote. Natanguliza hilo kwa sababu alipotapeliwa shilingi 640,000 kwa simu, watu wazima na heshima zao walimwambia usoni kwamba ni uzee na tamaa.

Haikuwa tamaa. Aliyempigia alimwita kwa majina yake matatu, na hilo la tatu hata majirani zetu wa Kitangiri hawalijui. Akamtajia tarehe ya kuzaliwa. Akamtajia kiasi nilichomtumia juzi yake kutoka huku Ufini, hadi ile mia nne ya mwisho. Kisha akasema muamala una tatizo, hela inataka kurudi ilikotoka, athibitishe haraka. Mama akathibitisha. Wewe ungefanyaje, mtu akikusomea maisha yako namna hiyo?

Alikwenda kulalamika sehemu tatu. Kote aliulizwa swali moja: "Mama, kwa nini ulitoa namba ya siri?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule mtu aliyajuaje yote hayo.

Nina miaka tisa hapa Tampere, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Miaka miwili iliyopita nililetewa barua kutoka mahali nilipowahi kufanya kazi kwa muda. Kurasa mbili. Walisema mfumo wao umeingiliwa, wakataja siku, wakaeleza vilivyochukuliwa: jina, anwani, namba ya utambulisho, akaunti niliyokuwa nalipiwa mshahara. Wakanielekeza namna ya kujiwekea zuio ili mtu asikope kwa jina langu, wakaweka na simu ya mtu wa kumuuliza. Chini kabisa waliomba radhi. Niliisoma nimesimama mlangoni, koti bado mwilini, na mawazo yangu yote yalikuwa kwa mama. Yeye nani alimwandikia?

Sisifii Ulaya. Ni hapahapa Ufini ulikotokea wizi wa taarifa unaoniumiza kuliko wote ninaoujua. Kituo cha tiba ya saikolojia kilichoitwa Vastaamo kiliibiwa kumbukumbu za wagonjwa wake, na Oktoba 2020 mwizi akaanza kuwaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja: lipa euro 200 kwa bitcoin ndani ya saa 24, la sivyo bei inapanda, na usipolipa kabisa yale uliyomwambia mtaalamu wako yataanikwa. Walioguswa ni kama watu 33,000. Fikiria mtu aliyekwenda pale kuzungumzia kipigo cha utotoni, au siku alipotaka kujiua. Aprili 2024 mahakama ilimhukumu mtu mmoja miaka sita na miezi mitatu jela. Wenzangu kazini mpaka leo wakiitaja habari hiyo wanashusha sauti.

Kwa hiyo utajiri na mitambo havikuzuia kitu. Ninachokionea wivu huku ni kinachofuata baada ya wizi. Sheria ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, inampa aliyekabidhiwa taarifa saa 72 kuiarifu mamlaka tangu ajue zimevuja, na hatari kwa mwenye taarifa ikiwa kubwa, lazima naye aambiwe. Aibu inakaa kwa aliyepewa kutunza. Kwetu aibu anabebeshwa aliyeibiwa. Mama alinificha wiki tano, mimi mwanawe.

Ila kuna jambo ambalo nyumbani wanatuzidi, tena mbali. Yule tapeli alikuwa bado yuko hewani akitaka hela ya pili, mama akakimbilia kwa wakala wa jirani kuweka salio. Yule kijana alimtazama usoni tu, akaishika simu taratibu: "Mama, kata kwanza. Mpigie mwanao." Wazee ninaowahudumia huku wanatapeliwa vilevile, na wengine wanatapeliwa wakiwa peke yao chumbani na kompyuta. Hakuna mtu dukani wa kuwaambia kata kwanza.

Lakini juu ya meza ya kijana huyohuyo kuna kaunta buku limefunguliwa: jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Nikisubiri zamu yangu naweza kusoma mistari kumi ya walionitangulia. Simshuku hata kidogo. Nilipomweleza alielewa papo hapo, akakata kipande cha boksi cha kufunika mistari ya juu.

Desemba nilikwenda likizo, nikabonyeza *106# kwenye simu ya mama. Kulikuwa na laini moja imesajiliwa kwa kitambulisho chake ambayo hatuijui. Akakumbuka kijana wa mwavuli anayesajili laini, stendi ya Buzuruga, aliyemwambia "kidole hakijasoma, bibi, weka tena", mara tatu. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ulianza 2019, na nia yake ilikuwa kuwabana matapeli haohao. Kidole ni cha mama, mashine imeshikwa na mtu mwingine.

Na hiyo namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo aliyeipata na tarehe ameipata. Tunaiandika kwenye daftari la mlinzi getini, kwenye fomu za mkopo, tunaiacha kwenye kompyuta ya steshenari tulikotoa kopi. Halafu mtu akiitaja kwenye simu tunaamini anatoka ofisini. Namba inayojulikana na watu mia haithibitishi chochote.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa zako azilinde, na zikivuja aiarifu Tume bila kuchelewa. Mimi nataka na mama aarifiwe. Meseji moja ya Kiswahili inatosha: taarifa zako zimevuja siku fulani, atakayekupigia akizitaja usimwamini. Za matangazo anatumiwa kila siku.

Asubuhi ya siku niliyoondoka mama alinunua mandazi. Karatasi waliyofungia ilikuwa fomu ya mkopo iliyojazwa kwa peni ya bluu: majina matatu, namba ya NIDA, mtaa huko Buswelu, jina la mdhamini, alama ya dole gumba pembeni. Mafuta yalikuwa yameanza kuila kopi ya picha. Mama alifuta mikono kwenye kanga, akachukua simu, akapiga namba iliyoandikwa pale.

"Mwanangu, hunijui. Mimi nauza dagaa Mwaloni. Karatasi yenye mambo yako yote ninayo hapa, nimefungiwa mandazi. Sitaki hela. Njoo uichukue, halafu nenda kawaulize waliokujazisha."

Kijana alikata simu. Mama akapiga tena.