Nani Kala Volti Sita Zangu?

Datsun yangu ni ya miaka ya 70. Juzi ikaanza kukohoa kwenye mlima wa Bugando hapa Mwanza, bodaboda wananipita wanacheka. Nikampelekea fundi. Akafungua boneti, akaweka mita kwenye koili, ile inayozalisha umeme wa cheche za plagi: "Mzee, betri ina volti 12, hapa zinafika 6. Umeme wako unaliwa njiani."

Unaliwa! Hata ndani ya gari langu mwenyewe kuna mtu wa kati?

Nikaenda kwa fundi wa pili, pale Mabatini. Mita ileile, koili ileile. Akasoma 12. Nikawapigia simu wote wawili, wakagombana kwa salio langu.

Nikasema basi, kazi naimaliza mwenyewe. Nikavuta waya toka betri moja kwa moja hadi koili. Ee bwana, gari likanguruma kama boti ya Kirumba Mwaloni! Siku mbili nikawa nasalimia watu kwa honi. Siku ya tatu, Mlango Mmoja, likazima. Nikagusa koili: kikaango cha chapati. Mafuta ya ndani yake yanachuruzika.

Mzee mmoja fundi ndiye aliyenionyesha kijiwe cheupe cha kauri, ukubwa wa kidole, kimejikalia pembeni. Balasti, kizuizi cha kupunguza umeme unaoingia kwenye koili. Miaka yote nilidhani ni pambo, kama jiwe la Bismarck kule ziwani, lipo tu.

Kumbe koili yangu ina ukinzani wa omu 1.5, na kijiwe nacho 1.5. Wakigawana volti 12, zinapita ampea 4. Mimi nilivyokiruka kijiwe, nikaipakulia koili ampea 8 kutwa nzima. Wakati wa kupiga stata tu ndipo umeme unaruhusiwa kupita pembeni ya kijiwe, maana stata inainyonya betri na koili inabaki na njaa.

"Na wale mafundi wangu?"

"Wote wakweli. Platini, ile swichi ndogo inayofunga na kufungua umeme wa koili, zikiwa zimefunga, umeme unatembea, kijiwe kinakula chake, unasoma 6. Zikiwa wazi hakuna kinachotembea, unasoma 12. Inategemea injini ilisimama wapi."

Na kilichokuwa kinaikohoza gari? Platini zimeungua. Angezisugua tu fundi wa kwanza, nisingenunua koili.

Nimefika nyumbani kwa daladala. Mama watoto kauliza gari liko wapi. Nikaanza kumweleza habari za omu. Kaniangalia, akaenda kugeuza sato jikoni.