Aliulizwa lumbesa, akajibu mbegu bora

Kwenye mkutano mmoja wa hadhara huku kwetu Mbeya, ukanda wa viazi, mama mmoja alisimama akauliza: "Mheshimiwa, lumbesa itaisha lini?" Kiongozi akashika kipaza sauti, akaeleza kwa kirefu habari za mbegu bora, mbolea ya ruzuku na kilimo cha kisasa. Mama akasimama tena: "Kulima tunalima, baba. Tunaumia kwenye gunia." Mheshimiwa akatabasamu. "Ndiyo maana nasema ongezeni uzalishaji." Watu wakapiga makofi, naye akaondoka ameridhika kabisa. Kuridhika kule ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Kwa asiyeijua lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha juu yake kinarundikwa kilemba cha viazi na kushonewa kwa kamba. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria inataka mazao yauzwe kwa mizani na gunia lisizidi kilo 100. Kwa hiyo mambo ya kumjibu yule mama yalikuwepo: mizani iko wapi, nani anaisimamia, halmashauri inawafanya nini wanaokiuka. Mkulima akivuna zaidi katika hali hii, atapunjwa magunia mengi zaidi.

Sidhani mheshimiwa alitudanganya. Aliamini amejibu. Mwaka 1999 wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Justin Kruger na David Dunning, walichapisha utafiti wa wanafunzi waliopewa majaribio ya mantiki, sarufi na ucheshi. Waliofanya vibaya kuliko wote ndio waliojikadiria juu kupita kiasi. Walijiona wako juu ya wastani. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba ujuzi wa kufanya jambo vizuri ndio huohuo unaokuwezesha kuona umeliharibu. Ukiukosa, umekosa vyote viwili.

Mtu wa namna hii ukampa cheo, msafara na makofi, atajuaje? Na huku kwetu kumbishia mkubwa mbele za watu kunahesabiwa utovu wa adabu. Tunamsema vizuri sana kijiweni, akija tunampigia vigelegele. Hapo na sisi tunamlea.

Wapo wanaotaka wagombea wawe na shahada. Sikubaliani nao. Katiba, ibara ya 67, inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na nimewaona wenyeviti wa vijiji wa darasa la saba wanaoisoma taarifa ya mapato na matumizi mstari kwa mstari, wasichokielewa wanauliza. Wasomi wasiouliza pia nimewaona.

Utafiti uleule ulionyesha kuwa waliofundishwa mantiki kidogo walianza kuyaona makosa yao wenyewe. Basi viongozi wetu wafundishwe kazi kabla ya kikao cha kwanza. Na swali la lumbesa likiulizwa, aitwe mtu wa Wakala wa Vipimo pamoja na ofisa ugani wa kata, wajibu palepale mbele ya wananchi, mheshimiwa akiwa amekaa anaandika.